Bambo la Unyevu: Istilahi za Kupimia Maji Yaliyomo Udongoni

Makala haya yana makusudio mawili yanayokwenda pamoja. Kwanza, kueleza jinsi chombo cha kupimia maji yaliyomo udongoni kinavyochomekwa na jinsi masomo yake yanavyohakikishwa. Pili, kuyatafutia mambo hayo maneno ya Kiswahili ambayo bwana shamba, fundi wa umwagiliaji na mkulima wataweza kuyatumia kwa maana moja. Tumeona haifai kuyatenga makusudio hayo, kwa sababu katika fani hii neno likikosea, kipimo nacho hukosea, na kipimo kikikosea ni maji ya mto yanayopotea au mazao yanayokauka.

Vyombo hivi si vigeni tena nchini. Katika skimu za umwagiliaji za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, ambazo hupata maji yake kutoka Mto Ruaha Mdogo, wakulima walianza kuvitumia katika mradi ulioanza mwaka 2013, ukizihusisha Tanzania, Msumbiji na Zimbabwe. Vyuo vya kilimo navyo hufundisha matumizi yake, na maduka ya pembejeo yameanza kuuza vile vidogo vya bei nafuu. Lakini karibu kila anayeviandikia maelezo hujitungia maneno yake mwenyewe, na msomaji anayesoma karatasi mbili hudhani anasoma habari za vyombo viwili.

Tuanze na neno lenyewe la kile kinachopimwa. Kiarabu kilitupa neno "rutuba", ambalo kwa asili maana yake ni unyevu, na kamusi za zamani za Kiswahili zililitafsiri hivyo. Hata hivyo, kwa kuwa ardhi yenye unyevu ndiyo izaayo, neno lilihama polepole kutoka majini likaingia katika chakula cha mmea, na leo tukisema shamba lina rutuba hakuna afikiriaye maji. Safari hiyo ya neno imekwisha, wala si kazi yetu kulirudisha lilikotoka. Limebaki "unyevu", neno zuri, fupi, la Kibantu, linalotokana na kitenzi kinachofahamika na kila mtu. "Unyevunyevu" tungependa liachiwe hali ya hewa, ambako limekwisha kuzoeleka.

Lakini hapa ndipo penye shida kubwa ya somo hili zima, na tutakaa hapo kidogo. Neno "unyevu" likiachwa peke yake hubeba mambo mawili tofauti. Jambo la kwanza ni kiasi cha maji yaliyomo udongoni. Jambo la pili ni nguvu ambayo udongo huyashikia maji hayo usiyaachie mizizi. Mkulima aliyewahi kulima kichanga na mfinyanzi anajua tofauti hiyo bila kufundishwa na mtu. Udongo wa kichanga wenye maji kidogo humpa mmea karibu yote uliyo nayo. Udongo wa mfinyanzi wenye maji maradufu ya hayo waweza kuuacha mmea ukinyauka, kwa sababu vijitundu vyake ni vidogo mno na maji yaliyomo yameng'ang'aniwa humo. Kwa hiyo anayesema "unyevu ni asilimia 20" hajaeleza bado kama mmea una kiu au hauna.

Tunapendekeza basi maneno mawili yatumike pasipo kuchanganywa. La kwanza ni "kiasi cha unyevu", ambacho hutajwa kwa asilimia. La pili ni "mshiko wa maji", ambao hutajwa kwa vipimo vya kanieneo, hasa kilopaskali. Tunatambua kuwa vijana wa mjini hutumia "mshiko" kwa maana ya fedha. Hilo halituzuii, maana hapana atakayepima fedha kwa kilopaskali. Wapo waandishi waliotumia "mvuto" na wengine "mkazo". "Mvuto" unatupeleka kwenye mvutano wa dunia, na "mkazo" unatupeleka kwenye fonetiki, ambako una kazi yake siku zote. Mshiko wasema jambo lenyewe: udongo umeshika.

Vyombo pia vimegawanyika kwa namna hiyohiyo. Vipo vinavyopima mshiko. Cha zamani zaidi kati ya vinavyotumika hadi leo ni mrija uliojazwa maji, wenye kikombe cha kauri inayopitisha maji upande wa chini na saa ya kupimia kanieneo upande wa juu. Udongo ukikauka hunyonya maji kupitia kaurini, na saa huonyesha nguvu ya ule unyonyaji. Chombo hiki ni cha kuaminika, lakini kina mpaka: mshiko ukipita kilopaskali 80 hivi, hewa huingia mrijani na somo hukatika. Kisha kuna donge la jasi, lililobuniwa na Bouyoucos na Mick nchini Marekani na kutangazwa mwaka 1940, ambalo hufukiwa likiwa na nyaya mbili ndani yake. Donge hulowa na kukauka pamoja na udongo unaolizunguka, na kadiri linavyolowa ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi zaidi baina ya nyaya.

Vyombo vya Kiwere na Magozi ni vya jamaa hii. Vilibuniwa na Richard Stirzaker wa shirika la utafiti la CSIRO la Australia, na jina lake ni la kinyonga, kwa sababu hugeuza rangi. Vihisi hufukiwa katika vina mbalimbali, na taa huwaka kwa kila kina: buluu maji yakiwa tele, kijani yakiwa ya kutosha, na nyekundu mmea unapoanza kutaabika. Mpaka wa buluu na kijani ni kilopaskali 20, na wa kijani na nyekundu ni kilopaskali 50. Ubora wa chombo hiki, kwa maoni yetu, ni kwamba kimeliepuka tatizo la lugha badala ya kulitatua. Hakimwambii mkulima asilimia. Humwambia rangi, na rangi hiyo yahusu mshiko, kwa hiyo ina maana ileile katika kichanga na katika mfinyanzi. Wakulima wa skimu zile walipunguza idadi ya siku za kumwagilia, kwa kuwa waliona buluu chini ya mizizi siku ambazo kwa desturi wangefungulia maji, na walielewa pia kuwa maji yaliyozidi yalikuwa yakishuka na mbolea yao.

Jamaa ya pili ni ya vyombo vinavyopima kiasi. Zamani kilichotawala ni chombo cha nyutroni. Hushushwa katika bomba la alumini lililosimikwa ardhini, nacho hutoa nyutroni zenye kasi. Haidrojeni iliyomo majini huzipunguza kasi, na chombo huzihesabu zile zilizopunguzwa zinaporudi. Ni chombo sahihi sana, ila kina madini yenye mnururisho ndani yake, kwa hiyo hakiachwi shambani wala hakikabidhiwi mtu asiye na kibali. Siku hizi kilichoenea ni chombo cha umeme chenye vijiti viwili, vitatu au zaidi vya chuma, ambacho hutumia tabia moja ya maji. Vitu hutofautiana katika uwezo wa kuweka nguvu za umeme vinapokuwa katika uga wa umeme. Hewa ikihesabiwa kuwa 1, madini ya udongo uliokauka huwa baina ya 3 na 5, na maji huwa karibu 80. Tofauti hiyo ni kubwa mno hata ongezeko dogo la maji huonekana mara moja. Mwaka 1980 Topp, Davis na Annan wa Kanada walitangaza mlinganyo unaounganisha uwezo huo na kiasi cha unyevu, na mlinganyo wao ungali unatumika kwa udongo mwingi wa kawaida.

Chombo hiki chenye vijiti ndicho kilichokosa jina. Tumekwisha kuona "kijiti", "sindano", "kichomeo", "uma" na "kipima unyevu". La mwisho halina kosa, lakini laweza kuwa jina la chombo chochote kati ya vyote tulivyovitaja. Sisi twapendekeza neno ambalo wafanyabiashara wa nafaka wamekuwa nalo tangu zamani: "bambo". Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho mnunuzi hukichoma guniani ili aone nafaka ya ndani pasipo kulifungua gunia. Twajua kuna atakayepinga kwa kusema kuwa bambo la nafaka hutoa punje na kuzileta nje, ilhali chombo chetu hakitoi chochote. Pingamizi hilo lina ukweli. Lakini maana iliyo kuu katika bambo si kutoa bali ni kuchoma ili kupata habari za ndani, tena habari za sehemu ndogo ambayo mchomaji huamini kuwa yawakilisha gunia zima. Na mnunuzi mzoefu anajua kuwa bambo laweza kumdanganya: akichoma mahali pamoja tu, huenda akakutana na zile punje nzuri zilizowekwa juu kwa makusudi. Onyo hilo limo ndani ya neno, na ndilo onyo la kwanza katika uchomekaji.

Bambo la unyevu hupima udongo unaoligusa tu, na kwa mengi yao udongo huo hauzidi sentimita chache kuzunguka vijiti. Kwa hiyo mahali pa kulichomeka yafaa pawe mfano wa shamba. Si pembeni mwa mfereji, si kwenye njia ya miguu ambako udongo umeshindiliwa, si kwenye kichuguu wala penye shimo la mbolea ya zamani. Katika ardhi yenye mteremko jambo hili ni zito zaidi. Milne, mwanasayansi wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani huko Usambara, ndiye aliyeandika katika miaka ya 1930 kuhusu jinsi aina za udongo zinavyofuatana kama mnyororo kutoka kilimani hadi bondeni, na fikra hiyo hufundishwa duniani kote hadi leo. Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo: luseni, ulio wa kichanga, itogolo, wenye tabaka gumu, mbuga, ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Bambo lililo katika luseni haliwezi kutoa ushahidi juu ya mbuga, hata kama mashamba ni ya mtu mmoja na yanapakana. Tunadhani pia kuwa majina kama hayo yangestahili kuingizwa katika istilahi sanifu badala ya kuachwa katika ripoti za watafiti.

Kina nacho hufuata mizizi. Bambo moja huwekwa pale mizizi mingi inapokunywa, na lingine karibu na mwisho wa mizizi. La juu huonyesha wakati wa kumwagilia. La chini huonyesha kama maji yamepita kiasi. Mwenye bambo moja tu ajue kuwa amepata nusu ya habari.

Sasa tuje kwenye kugusana, ambako makosa mengi hutokea. Tumesema kuwa hewa ni 1 na maji ni 80. Ukibaki uwazi mwembamba wa hewa kandokando ya kijiti, bambo litapima hewa hiyo kwanza na kusema udongo umekauka. Mvua ikinyesha uwazi uleule hujaa maji, na bambo litasema udongo umefurika. Fundi aliyetikisa bambo huku na huku ili liingie kwa urahisi amekwisha kuliharibu somo lake kabla hajaunganisha waya. Bambo huingizwa mara moja, kwa mstari ulionyooka, bila kupinda na bila kulichomoa na kulirudisha katika tundu lilelile. Penye udongo mgumu hutobolewa kwanza tundu jembamba kidogo kuliko bambo kwa kutumia keekee, chombo ambacho maseremala wetu wanacho na ambacho wataalamu wa udongo wamekifanya kirefu. Twasema hivyo kwa sababu tumeona mahali fulani keekee ya udongo ikiitwa "mashine ya kuchimba", jina ambalo lingemfaa mchimba visima.

Kwa mabambo ya mviringo yanayotumbukizwa katika tundu, na kwa madonge ya jasi, hutengenezwa uji wa udongo. Udongo uliotoka katika tundu lilelile, na katika kina kilekile, hukorogwa na maji ukawa mzito, kisha humiminwa kuzunguka chombo ili uzibe kila uwazi. Tunasisitiza udongo uleule. Mchanga wa mtoni ulioletwa kwa sababu ulikuwa karibu hutengeneza mfuko wa kichanga ndani ya mfinyanzi, nao utalowa na kukauka kwa desturi yake wenyewe. Shimo nalo hufukiwa kwa tabaka kama zilivyotoka, la chini chini, la juu juu, kila moja likishindiliwa ufikie ugumu wake wa awali. Waya hushushwa chini kidogo ya bambo kabla ya kupandishwa juu, ili maji yanayotambaa juu ya waya yadondokee pale chini yasifike kwenye chombo.

Udongo mweusi wa mbuga wataka tahadhari ya pekee. Hupasuka ukikauka, na nyufa hupenda kuanzia palepale ulipochomekwa kitu. Bambo lililofanya kazi vizuri mwezi wa Aprili laweza kuwa linapima ufa ifikapo Septemba. Hapana dawa ya jambo hili isipokuwa kulikagua bambo na kulihamisha inapobidi.

Chombo kikisha kufukiwa huachwa kitulie. Masomo ya siku za mwanzo ni ya udongo uliovurugwa, si ya shamba. Ni vema kusubiri hadi shamba limwagiliwe na kukauka mara kadhaa kabla ya kuamini tarakimu yoyote.

Tumefika kwenye kazi ambayo waandishi wengi huiita "kurekebisha", wengine "kusawazisha", na wengine hulichukua neno la kigeni na kuliandika kama lilivyo. Jambo lenyewe ni hili: somo la chombo hulinganishwa na kipimo kinachojulikana kuwa cha kweli, na uhusiano baina yao huandikwa, ili kila somo litakalokuja ligeuzwe kuwa kipimo cha kweli. Kusawazisha ni kufanya vitu viwe sawa, kama fundi mwashi anavyofanya na pimamaji. Kurekebisha ni kukigusa chombo chenyewe ili kibadilike. Hakuna lolote kati ya haya lililofanyika katika kazi tuliyoieleza; chombo kimebaki kilivyo, na kilichopatikana ni ujuzi juu ya chombo.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Tuseme bambo limechomekwa katika mfinyanzi mzito. Linasoma 20 na kipimo cha kweli ni 14. Aliyefundishwa "kurekebisha" atatoa 6, ataandika kitabuni kuwa bambo husoma zaidi kwa 6, na ataondoka ameridhika. Lakini bambo hilohilo likisoma 30, kweli ni 26, na likisoma 40, kweli ni 38. Kosa halikai mahali pamoja: linapungua kadiri udongo unavyolowa. Akitoa 6 siku bambo linaposoma 40, atapata 34 na kumwagilia shamba lisilohitaji maji. Anachohitaji ni mlinganyo, ambao hapa ni kuzidisha somo kwa 1.2 kisha kutoa 10. Hesabu hiyo haipatikani kwa kukaza skrubu.

Neno lililopo, na ambalo Shirika la Viwango Tanzania hulitumia kwa huduma yake ya kuhakiki vyombo vya kupimia, ni "ugezi". Kitenzi chake, "kugeza", ni Kiswahili cha zamani chenye maana ya kufuatisha, kulinganisha kitu na kingine kilicho kielelezo. Hatukuona neno linalolikaribia kwa usahihi. Bambo hugezwa, bambo lisilogezwa halifai kuaminiwa, anayefanya kazi hiyo ni mgezi. Tukumbuke pia kwa kupita tu kwamba lugha za Ulaya, kwa maoni ya wengi wanaochunguza asili za maneno, zililipata neno lao la jambo hili kutoka Kiarabu, kwenye neno lile lile lililotupa sisi "kalibu", chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa. Kwa hiyo anayelichukua neno la kigeni siku hizi anakiazima kwa mbali kitu ambacho ndugu yake tayari yuko nyumbani, ingawa anafanya kazi nyingine.

Kielelezo katika ugezi wa bambo la unyevu ni mizani na tanuri. Hapana njia iliyowahi kuzipita kwa uhakika. Pete ya chuma yenye ujazo unaojulikana, kwa kawaida sentimita za ujazo 100, hushindiliwa udongoni karibu na bambo wakati bambo linaposomwa, na udongo uliomo hutolewa bila kumwagika. Hupimwa uzito, hukaushwa katika tanuri la joto la nyuzi 105 za Selsiasi kwa muda wa saa 24, au mpaka uzito ukome kupungua, kisha hupimwa tena. Tuseme udongo wa ndani ya pete ulikuwa na uzito wa gramu 172 ulipotoka shambani na gramu 140 ulipotoka tanurini. Gramu 32 zilizopotea ni maji.

Hapo hutokea asilimia mbili. Maji gramu 32 katika udongo mkavu gramu 140 ni asilimia 22.9. Lakini gramu 32 za maji ni sentimita za ujazo 32, nazo katika sentimita za ujazo 100 za pete ni asilimia 32. Asilimia ya kwanza ni ya uzito, ya pili ni ya ujazo, na zote ni za kweli. Bambo husoma ya ujazo. Maabara nyingi huandika ya uzito. Kiungo baina yake ni uzito wa udongo mkavu kwa kila sentimita ya ujazo, ambao katika mfano wetu ni gramu 1.40, 22.9 ikizidishwa kwa 1.40 hutoa 32. Kiungo hicho tungekiita "ushindilivu wa udongo", kwa sababu ndicho kinachobadilika trekta linapopita juu ya shamba.

Anayeandika "asilimia" bila kutaja ni ya nini anaacha mlango wazi. Katika kina cha sentimita 30, asilimia 32 za ujazo ni maji ya milimita 96, yakipimwa kama yapimwavyo maji ya mvua. Aliyedhani asilimia 22.9 ni ya ujazo atapata milimita 69 pungufu kidogo, na atataka kuongeza zile milimita 27 anazodhani zimekosekana. Kwa kuwa milimita moja juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, mtu huyo atamimina zaidi ya mita za ujazo 270, yaani lita 270,000 na zaidi, juu ya hekta isiyoyahitaji, kwa sababu ya neno moja lililoachwa katika karatasi. Maji hayo yangebaki mtoni yakateremka kwa wakulima wa chini. Kwa ajili hiyo tunaomba "asilimia ya ujazo" na "asilimia ya uzito" ziandikwe kwa ukamilifu kila mara, hata kama ukurasa utarefuka.

Ugezi haukamiliki kwa pete moja. Huhitaji udongo mkavu, wa wastani na uliolowa, na hatua kadhaa baina yake, ili mlinganyo upate mahali pa kusimama. Shambani mgezi hungojea majira yamletee hali hizo. Maabarani huzitengeneza kwa kuchanganya udongo na maji kidogokidogo katika ndoo, akiushindilia kila mara ufikie ushindilivu wa shambani. Watengenezaji huuza mabambo yakiwa yamekwisha kugezwa, lakini huo ni "ugezi wa kiwandani", uliofanywa kwa udongo ambao si wetu. Huweza kutosha katika kichanga na tifutifu ya kawaida. Hautoshi katika mfinyanzi mzito, katika udongo wenye mboji nyingi, wala katika udongo wa magadi, ambako chumvi hupitisha umeme na mabambo ya bei nafuu husoma maji mengi kuliko yaliyopo. Joto nalo huyayumbisha, hasa yaliyo karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo ni heri kusoma saa ileile kila siku, asubuhi mapema.

Baada ya ugezi hubaki kuweka mipaka ya kazi, na hapa kuna istilahi mbili zinazohitaji kusahihishwa. Ya kwanza ni kile kiasi cha maji ambacho udongo hubaki nacho baada ya kulowa kabisa na ziada kwisha kushuka. Imetafsiriwa neno kwa neno kuwa "uwezo wa shamba", na kila mkulima aliyelisikia alidhani yanazungumzwa magunia. Twapendekeza "kikomo cha mchuruziko". Ya pili ni kiasi ambacho chini yake mmea hunyauka usiweze kuinuka tena hata usiku, ambacho kwa makubaliano huhesabiwa penye mshiko wa kilopaskali 1500. Hicho tungekiita "kikomo cha mnyauko", tukitahadharisha kuwa "mnyauko" peke yake limekwisha kuwa jina la magonjwa ya migomba na nyanya, na lisiachwe bila "kikomo". Maji yaliyo baina ya vikomo hivyo viwili ndiyo yaliyo ya mmea, na mkulima humwagilia mapema, kabla ya kukaribia kile cha chini.

Kuhusu sarufi, "bambo" liko katika ngeli ya li- na ya-: bambo limechomekwa, mabambo yamegezwa. Kile kipande cha ndani kinachohisi, ambacho wengi hukiita "kihisi" na baadhi "kihisio", kiendelee kuitwa kihisi, kwa kuwa limeenea na ni fupi. Kihisi ni sehemu. Bambo ni chombo kizima pamoja na vijiti vyake na waya wake. Donge la jasi lina kihisi lakini si bambo, na mrija wa kauri si bambo wala hauna kihisi.